Mfaransa wa Uani Kwangu

Nianze na viatu vyake, maana ndivyo vilivyokuwa vya kwanza kuudhi. Vilikuwa viatu vya ngozi, vyeusi, vya kufunga kamba, ambavyo mtu mwenye akili zake havai katika mchanga wa Tabora. Kila asubuhi alivipiga kiwi mpaka vikang'aa, kisha akavuka Gongoni nzima akinyanyua miguu kama kuku aliyekanyaga tope, na akifika kwangu vimeshakuwa rangi ya majivu. Hapo anaomba kitambaa. Si chake, changu mimi, cha kushikia masufuria. Zaidi ya miaka thelathini mtu yule alimaliza vitambaa vyangu akifuta vumbi ambalo angekutana nalo tena akigeuka tu.

Tulimwita Mtembeza Wageni. Jina la kwao alikuwa nalo, lakini sikusikia mtu akilitumia. Kazi yake ilikuwa kuwangoja wageni stesheni wakishuka kwenye gari moshi, kuwapeleka kwenye boma la Mjerumani, kuwapeleka Kwihara kwenye ile nyumba ya tembe walimokuwa wakipumzika wazungu wa zamani, kisha kuwaleta kwangu kula. Mimi napika. Kuku wa kienyeji, ugali, nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, kwa karanga, na asali mezani kwa anayetaka. Kwa hiyo mdomo wake niliujua kuliko alivyoujua mkewe, kwa sababu nyumbani, mkewe mwenyewe aliniambia, mtu yule alikuwa hasemi. Maneno yote aliyamalizia kwa wageni.

Na maneno gani! Mji wetu si mkubwa. Ukiutaka kwa kifupi nakupa sasa hivi, na mimi shule niliishia darasa la tatu. Wanyamwezi walikuwapo. Waarabu wakaja, wakakaa. Misafara ikawa inapita na pembe na vitambaa na watumwa, na babu zetu wakabeba mizigo hiyo mpaka pwani na kurudi. Mapadre wa Kifaransa wakaja nyuma ya misafara hiyohiyo. Mjerumani akajenga boma, akaleta reli. Vita ile ya kwanza wakaingia Wabelgiji na askari wao wa Kongo, wakala mbuzi wa watu, wakaondoka. Mwingereza akakaa mpaka uhuru. Ikabaki asali, tumbaku na mashule. Basi, umekwisha, hata maji ya ugali hayajachemka.

Yeye hapana. Yeye miji alikuwa nayo mingi, kila mgeni na wa kwake. Wakija Wajerumani, Tabora ilikuwa imejengwa na Wajerumani tangu jiwe la kwanza. Wakija Waingereza, palikuwa pori tupu mpaka mpelelezi wao alipokuja kuugulia homa hapa. Wakija wale wa Omani na kanzu zao nyeupe, Mnyamwezi ametoka kabisa katika habari, labda amebaki mmoja wa kuchota maji. Mimi nikipita na sahani namsikia, namtazama, naye ananitazama, halafu anaendelea kama hakuniona. Hakuwa na haya hata mbele yangu.

Siku moja Mjerumani mzee, mtu mpole, alimsahihisha. Alisema boma silo hilo alilowaonyesha, maana anayo picha aliyoachiwa na baba yake, na madirisha ni mengine. Mtu mwingine angeona aibu. Yeye akamwambia kweli mzee, lile la kwenye picha ni la kwanza, liliungua, hili ni la pili. Liliungua lini, kwa moto gani? Aliliunguza yeye mwenyewe pale mezani akitafuna paja la kuku. Na yule Mjerumani akaandika.

Kuhusu asali ndiyo usiseme. Alikuwa akiwasimulia wageni jinsi mrina asali anavyopanda mti mtupu, anavyofukiza moshi, anavyoimba ili nyuki walale. Ungedhani kazaliwa ndani ya mzinga. Wakataka kuona. Akawapeleka upande wa Goweko kwa ndugu wa marehemu mume wangu, nami nikaenda kwa sababu nilikuwa nafuata karanga. Nyuki mmoja, mmoja tu, akaingia ndani ya kofia yake. Mtu yule alikimbia akaacha wageni porini, akaacha mwavuli, tukamkuta barabarani saa nzima baadaye akiwa amekaa juu ya jiwe, anafuta viatu kwa majani. Akawaambia wageni alikuwa anapeleleza njia.

Nimetaja marehemu mume wangu, basi niseme na hili, maana bila hili hamtaelewa mbele. Mtembeza Wageni alikuwa Mzaramo, wa pwani kabisa, na mimi Mnyamwezi. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, tangu babu zetu walipokuwa wakifika kwao na vidonda mabegani. Kwa hiyo alikuwa na ruhusa ya kuniita mke wangu mbele ya mume wangu, kunitukana kwamba kwetu tunazaliwa na alama ya mzigo kichogoni, nami nilikuwa na ruhusa ya kumwambia Mzaramo hajui kazi ila ngoma na usingizi. Tulisemana hivyo miaka yote, wateja wakicheka. Na mume wangu alipofariki, kaburi limeshachimbwa, watu wanalia, mtu huyu alijipenyeza mbele, akavua viatu vyake, akavipanga ukingoni, akashuka kaburini akalala chali. Akasema hatoki mpaka apewe kuku. Ndivyo anavyofanya mtani. Tukambembeleza, akakataa, akasema marehemu alikuwa mchoyo na kaburi ni kubwa kuliko ukarimu wake. Nikacheka, jamani, siku ya kumzika mume wangu nikacheka mpaka nikashika mbavu, na kile kicheko ndicho kilichonivusha jioni ile. Akapewa kuku wake, akatoka, tukazika.

Hilo nampa, sina la kumnyima.

Lakini kinachoniudhi hasa si kwamba alikuwa mwongo. Waongo wako wengi, na mmoja nilizaa naye. Kinachoniudhi ni kwamba alikuwa anajua. Baba yangu alipokuwa hai, mtu yule alikuwa akija kukaa naye alasiri, anamuuliza vituo vya msafara, toka hapa mpaka baharini, kambi kwa kambi, kama baba alivyovipokea kwa babu aliyevitembea kwa miguu. Akavishika vyote. Siku ambayo hakuna wageni, ananawa mikono, ananitajia kimoja baada ya kingine, hapa maji machungu, hapa chifu anadai hongo, hapa waliwazika watatu, bila kukosea hata kimoja. Mimi mwenyewe sivijui hivyo. Halafu gari moshi likiingia anavitupa vyote kama maganda, anavaa uongo mpya. Mtu asiyejua akisema uongo unamhurumia. Anayejua akisema uongo, huyo umfanyeje?

Sasa nifike kwa babu. Babu yangu mzaa baba alikuwa pagazi. Safari yake ya mwisho alibeba sanduku la mapadre wa Kifaransa kutoka Bagamoyo, sanduku zito lenye vyombo vya kanisa, na walipofika wakamwachia mfuniko wake wa chuma kwa sababu ulikuwa umepinda. Akautunza. Akaanikia mtama juu yake maisha yake yote. Alipokufa alizikwa uani kwetu, ndiyo uani hapo ninapopikia, na baba akaulaza ule mfuniko juu ya kaburi fisi wasifukue. Ukaota kutu. Ulikuwa na maandishi yaliyofutika, herufi chache zimebaki. Sisi tulikuwa hatuyasomi, tulikuwa tunafagia tu kuzunguka. Upande wake wa kushoto kuna nafasi ya mtu mmoja. Hiyo ni yangu. Baba alinionyesha kwa kidole nikiwa msichana, na watoto wangu nimewaonyesha.

Wakaja Wafaransa. Walikuwa saba au wanane, na mama mmoja mrefu mwenye nywele nyeupe aliyekwenda uani kunawa. Akaliona lile bati la mfuniko. Akainama, akakwangua kutu kwa ukucha, kisha akapiga magoti kwenye maganda yangu ya vitunguu akaanza kutokwa na machozi. Lilikuwa limeandikwa jina la mji wao, mji aliozaliwa yeye. Ndiko sanduku lilikotoka, mnaona. Akamuuliza Mtembeza Wageni kwa Kiingereza, ni nani huyu aliyelala hapa?

Yule bwana alinitazama. Alijua ni nani. Habari za sanduku lile alizisikia kwa baba yangu mwenyewe. Akalitazama bati, akamtazama yule mama na machozi yake, na mdomo ukafunguka wenyewe. Binti yangu Kabula, ambaye ni mwalimu huko Lusu na siku ile alikuwa amekuja kunisalimia, ndiye aliyenitafsiria jikoni. Alisema aliyelala hapa ni Mfaransa, padre, na kwamba mji huu wote ni yeye aliyeuanzisha.

Mji wa Wafaransa! Alipata wapi? Kabula alisema amewachanganya mapadre na wale Wabelgiji wa vita, maana kwake yeye kila asemaye Kifaransa ni Mfaransa. Mimi nadhani hakuchanganya chochote. Aliona chozi akalipa lilichotaka.

Niseme ukweli na upande wangu. Nilicheka. Nilisema babu kapandishwa cheo, toka punda wa mizigo mpaka padre. Na wageni walizidi kuja kuliona kaburi, na waliokuja walikula, na mimi nilipika nikanyamaza. Mtembeza Wageni akanunua tai. Kila mwezi Mfaransa wetu akawa anaongezewa: alipanda miti, alichimba visima, alikufa kwa homa akiita jina la mama yake. Mimi nageuza ugali, nasikia babu yangu anakufa upya kwa Kiingereza.

Halafu wakaja vijana watatu wenye vizibao vya kung'aa. Walisema wametoka Kamati ya Vivutio. Walikuwa na utepe wa kupimia na kijitabu chenye picha ya uani kwangu. Wakasema kaburi la mwanzilishi wa mji haliwezi kukaa katikati ya masufuria. Litajengewa uzio, litawekewa kibao, jiko litavunjwa, nyumba itakuwa ya kupokelea wageni, na mimi nitapewa kiwanja nje ya mji huko kwenye miiba. Nikawaambia huyo ni babu yangu. Wakaniuliza karatasi. Nikawauliza, na huyo Mfaransa ana karatasi? Wakanionyesha kile kijitabu. Kila neno lililokuwemo niliwahi kulisikia mezani kwangu, likitoka pamoja na mifupa ya kuku.

Ukaitishwa mkutano wa mtaa. Nikavaa kitenge changu kizuri, nikasimama mbele ya watu wote. Mtembeza Wageni alikuwa amekaa mbele kabisa na tai yake. Nikasema mtu huyu ni mwongo. Nikasema ameuza wafu wa watu, kwamba hana haya, na kwamba Mzaramo huyu angemuuza hata mama yake kama angepata mgeni wa kumlilia. Na watu, jamani, wakacheka.

Walicheka kweli, vicheko vya kupiga mapaja. Kwa nini wasicheke? Mnyamwezi anamtukana Mzaramo, wamesikia hayo miaka thelathini wakiwa na matonge mkononi. Nikasema sitanii. Wakacheka zaidi, maana hilo nalo ndilo asemalo mtani akitaka kunogesha. Mwenyekiti wa mtaa, ambaye ni Mnyamwezi mwenzangu na mtu wa heshima, alikuwa anafuta machozi kwa leso. Akasema, "Mama Kabula, leo umemweza mtani wako. Haya, tuendelee."

Ningemsamehe mtu yule kama angesimama hapo na kusema neno moja. Alisimama. Akanitazama, nikaona kabisa amejua kwamba sitanii. Watu wote ukumbini hawakujua, yeye alijua. Kile kijitabu kilikuwa mkononi mwake, na jina lake nyuma. Akasema, "Mke wangu ana wivu, hataki nimpende Mfaransa." Ukumbi ukalipuka. Kwenye kumbukumbu za mkutano wakaandika kwamba wananchi wamelipokea jambo hili kwa furaha.

Tangu siku ile sikumtukana tena. Alikuja kesho yake, amesimama mlangoni na viatu vyake vya majivu, akaanza, mbeba mizigo wewe, leo umepika nini. Nikamwambia, "Shikamoo, mzee." Nilimwona anavyoshtuka. Akasubiri nicheke. Sikucheka. Hakunijibu marahaba, akasimama kidogo, akaondoka. Akija na wageni nawahudumia wageni, yeye namwamkia kwa adabu zote, namkaribisha kiti, namuuliza habari za nyumbani kama ninavyomuuliza paroko. Kitambaa hakuniomba tena, na mimi sikumpa. Akawa analeta wageni mara chache, halafu akawa anawaelekeza tu kwa kidole kutoka barabarani. Akaumwa miguu. Mkewe akafa, nikaenda msibani, nikakaa na wanawake nje, nikapika, nikarudi. Kama mtani ningetakiwa kufanya fujo, kumwibia sufuria, kumcheka. Nilitoa pole kama mgeni. Hayo nayo nimeyaandika, mnihukumu mtakavyo.

Uzio ulikuja asubuhi ya Jumamosi. Nguzo za chuma kwenye pikipiki ya magurudumu matatu, fundi na msaidizi wake, wale vijana wa vizibao, mwenyekiti wa mtaa, na majirani wamejaa uani wamekanyaga mpaka michembe yangu ya viazi niliyokuwa nimeianika. Jiko langu lilikuwa limeshatiwa alama ya X kwa rangi nyekundu. Kabula alikuwa amekuja kutoka Lusu, ameshika mkono wangu. Fundi akauliza shimo la kwanza lichimbwe wapi. Kijana mmoja akaonyesha upande wa kushoto wa kaburi, ile nafasi yangu. Jembe likaingia.

Watu wakapisha, nikamwona. Alikuwa amekonda, kofia imemzidi kichwa, anatembea kwa fimbo, lakini viatu vilevile, na mchanga uleule juu yake. Nikasema haya, amekuja kuhutubia. Alifika kwenye kaburi la babu, akajishusha akakaa ukingoni, akaanza kufungua kamba za viatu. Vidole vilikuwa havimtii. Ilichukua muda mrefu na hakuna aliyemsaidia, kwa sababu hakuna aliyejua anafanya nini. Akavua kimoja, akavua cha pili, akavipanga pamoja. Kisha akalala chali juu ya lile bati la kutu, mikono ubavuni, akafumba macho.

Kijana wa kizibao akasema mzee toka hapo utaumia. Yeye akasema, kwa sauti ile aliyokuwa akiitumia bomani, ya kusikika na watu wa nyuma:

"Sitoki. Wajukuu wa pagazi hawajanipa kuku."

Halafu bibi mmoja jirani yangu akapiga kigelegele, na wazee wakaanza kusogea. Kijana akauliza huyu mzee ana nini, ameugua? Mwenyekiti wa mtaa alikuwa ameshavua kofia yake. Alimtazama aliyelala, akanitazama mimi, na nikaona mkutano wote ule ukimrudia usoni, kicheko kimoja kimoja.

"Hajaugua," akasema. "Huyo ni mtani. Mzaramo halali kwenye kaburi la mzungu, ana utani gani naye? Hapo amelala Mnyamwezi."

Yule kijana alifunua kijitabu kana kwamba kingemsaidia. Mwenyekiti akamwambia akifunge. Fundi naye, Msukuma anayeijua mila hiyo, hakungoja kuambiwa. Akatupa udongo shimoni, akaushindilia kwa mguu, akaanza kukunja kamba zake. Jambo likarudi ofisini na huko limelala. Zile nguzo hawakuzirudia. Naanikia michembe juu yake.

Lakini mtu bado amelala, na kuku lazima atolewe. Nikaingia bandani, nikachagua yule aliyeacha kutaga, mgumu kuliko wote, nikamletea nimemshika miguu. Akafumbua jicho moja, akamkagua, akasema katika maisha yake yote hajaona mjane mchoyo kama huyu. Tukamwinua, mimi na Kabula. Mgongo wote ulikuwa umejaa kutu nyekundu. Akakaa kwenye kiti chake cha zamani kando ya jiko, kuku kwapani, akatazama viatu vyake, akanitazama mimi. Nikampa kitambaa.

Akafuta kimoja polepole. Akasema Jumanne kuna Wabelgiji wanakuja, watu wazuri, wanapenda habari za vita. Akasema amefikiria, babu yangu kwao wao angefaa sana kuwa mpishi wa jemadari.

Nikamtukana. Nilianza na ukoo wake wote wa pwani nikashuka mpaka kwenye kamba za viatu, na yeye akaendelea kufuta, anatikisa kichwa, anacheka.